Shangazi wa Rafuni: Kitabu cha wakimbiaji kimeniliza, na mimi hata mpira siangalii

Karibuni wanangu. Mwezi huu barua zilizokuja nyingi ni za vitabu, sijui ni mvua zimewafungia ndani au mmechoka na simu, ila sijalalamika. Naanza na ndefu kuliko zote, nimeikata kidogo ila imebaki ndefu, vumilieni.

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyakato hapa Mwanza, nina kaduka ka vifaa vya umeme Buzuruga. Niseme mapema mimi na michezo ni mbalimbali kabisa, mume wangu Simba damudamu, shemeji yangu Yanga, mechi ikianza mi nahamia jikoni. Sasa juzi tulikuwa tunapaka rangi sebuleni ikabidi tushushe vitabu vyote vya baba. Mzee wangu alikuwa karani wa ushirika wa pamba, alipostaafu akarudi Magu akaniachia rafu nzima akisema kule mchwa watavimaliza, na miaka yote hiyo mi sijawahi kuvigusa. Basi katikati ya Biblia na vitabu vya mahesabu nikakuta kimoja hakina jalada, kurasa za mwanzo zimechanika, kinaanzia ukurasa wa 9, cha Kiingereza, picha zake hazina rangi. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikasema nisome kidogo huku napumzika, shangazi nilivyokuja kunyanyuka brashi imeshakauka. Ni stori za wakimbiaji. Kuna Mtanzania anaitwa Akhwari, alianguka kwenye marathoni huko Mexico akaumia goti akanyanyuka akaenda hivohivo mpaka mwisho, akashika mkia. Nililia mpaka fundi akaniuliza dada kuna msiba? Halafu kuna sura ya Filbert Bayi, pembeni baba ameandika kwa penseli mahesabu ya kugawanya sielewi ni ya nini, na kitabu kizima amepiga mstari sehemu moja tu, pale panaposema Bayi hakukimbia Olimpiki ya 1976. Sasa naomba uniambie, hizi stori ni za kweli au waandishi wametia chumvi? Na kwa nini namlilia mtu wa mwisho, mume wangu ananicheka anasema machozi hayo ningeyatunza siku Simba ikifungwa. Na hayo mahesabu ni ya nini? Halafu kitabu kimeachia kwenye mgongo, nikibandike selotepu? Wako, Mama Wawili wa Nyakato.*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mumeo kuwa watu wa Simba hawana haki ya kumcheka mtu anayelia kwa sababu ya michezo. Wapo wazee mpaka leo ukiwatajia 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba wametoka suluhu kulekule Abidjan halafu wakaja kufungwa 2-0 na Stella ya Ivory Coast hapa nyumbani, wanabadilisha mada. Kwa hiyo atulie.

Stori ni za kweli. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu, na hiyo marathoni ilikuwa Oktoba 1968, Mexico City, jiji lililo mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa letu hili la Viktoria liko mita 1,134 tu, yaani karibu mara mbili ya hapa, hewa kule ni nyepesi na misuli inakaza hata kwa watu waliokulia milimani. Kwenye kilomita ya 19 hivi wakimbiaji wakawa wanasukumana kutafuta nafasi, akapigwa kikumbo akaanguka, goti likateguka na bega likajigonga barabarani. Watu 75 walianza, 57 wakamaliza, yeye ndo huyo wa 57. Mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia alitumia saa 2 dakika 20 na sekunde 26, Akhwari saa 3 dakika 25 na sekunde 27, toa mwenyewe uone, ni zaidi ya saa nzima. Anaingia uwanjani jua limeshazama, watu wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu 5 aje kuanza mbio, ilimtuma amalize. Hapo kwenye maili, mi nilishawahi kukaa na ramani nikapima, Dar mpaka Mexico City ni zaidi ya kilomita elfu 15, na maili elfu 5 ni kama kilomita elfu 8 tu. Kwa hiyo kama kuna chumvi hapo basi ni chumvi ya kupunguza, safari yenyewe ilikuwa karibu mara mbili ya alivyosema.

Sasa kulia. Hapa ndo sikubaliani na wengi wanavyoisimulia hii stori. Wanaisimulia kama vile ni ya mtu mnyonge fulani, maskini wa Mungu katoka kijijini kajitahidi wee mwisho akafika, watu wanapiga makofi ya huruma. Akhwari hakuwa mnyonge! Alikuwa mkimbiaji wa kweli, mwaka 1970, miaka miwili tu baada ya goti lile, akaenda Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh akamaliza marathoni wa 5. Wa tano, mwanangu, kati ya wakali wa Uingereza, Australia na kwingine. Kwa hiyo pale Mexico hakuanguka mtu aliyekuja kushiriki tu, aliyeanguka ni mtu aliyekuja kushindana, na dakika ileile akajua kabisa kuwa ushindi umeshaondoka, medali imeshaondoka, na bado kuna kilomita 23 mbele yake. Mi nadhani kilichokuliza ni hapo. Si huruma, maana huruma haikaushi brashi, ungefuta chozi ukaendelea kupaka rangi. Umeona mtu anaendelea na kazi wakati faida yote ya ile kazi imeshaisha, na wewe una duka, una watoto, unajua vizuri sana siku za namna hiyo zikoje.

Na hii ndo sababu mi huwa sura za washindi naziruka. Kuna vitabu vya michezo vinachosha jamani, hasa hivi vya wachezaji mastaa, magari kurasa 40, mikataba kurasa 60, utotoni alikuwa anapiga mpira wa makaratasi, basi. Cha kwako inaonekana kiliandikwa na mtu aliyejua pa kukaa muda mrefu na pa kupita haraka.

Tuje kwenye mahesabu ya mzee wako. Siyaoni kutoka huku, ila angalia kama kuna namba 212, au 3.75, au 56 na ushee. Kama zipo basi nakuapia najua alichokuwa anafanya. Tarehe 2 Februari 1974 pale Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alikimbia dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Mita 1,500 kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko mitatu na robo tatu, ukigeuza muda wote kuwa sekunde unapata 212.16, ukigawanya kwa 3.75 inatoka 56.6, yaani kila mzunguko sekunde 56 na kitu, mfululizo, bila kupumua. Karani wa ushirika lazima agawanye, hawezi kuona namba akaiacha hivihivi! Na ukitaka kuelewa hiyo 56 ni kitu gani mchukue kijana yeyote mwenye mbio hapo mtaani, mpeleke uwanja wenye mita 400, mwambie azunguke mara moja tu kwa sekunde 56. Akiweza mpe soda. Halafu mwambie bado mbili na robo tatu kwa spidi hiyohiyo.

Na Bayi hakukimbia kama wenzake. Wenzake walikuwa wanajibanza nyuma wanasubiria mzunguko wa mwisho ndo wachomoke, yeye bunduki ikilia anaondoka, anawaacha mita kibao, watu uwanjani wanajisemea huyu kachanganyikiwa atakatika. John Walker wa New Zealand, yuko kwao, uwanja wote unapiga kelele kwa ajili yake, akamfukuza mpaka mita za mwisho akamkosa. Walker alikimbia 3:32.52, hiyo nayo ilikuwa chini ya rekodi ya dunia ya zamani, ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1 ya mwaka 1967, yaani mtu kavunja rekodi ya dunia na amekuwa wa pili. Wa tatu Mkenya Ben Jipcho. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili moja, 3:51.0 pale Kingston, Jamaika, Mei 1975, halafu Agosti ya mwaka huohuo Walker akaivunja, 3:49.4. Sasa dunia nzima inangoja Montreal 1976, hawa wawili wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya ragbi ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule watoto wa Soweto wanapigwa risasi Juni, nchi za Afrika zikasema New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki, Kamati ya Olimpiki ikakataa, zaidi ya nchi 20 zikajitoa, na Tanzania ikiwemo. Walker akakimbia bila Bayi akachukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya ile ya Christchurch. Najua wataalamu mtaniandikia kwamba fainali ile ilikuwa ya kuviziana ndo maana ikaenda taratibu, sawa, najua. Lakini ona kilivyojifunga, inayogombana na dunia ni New Zealand, na mpinzani wa Bayi ni huyohuyo Mnyuzilandi. Uamuzi wa kujitoa mimi naona ulikuwa sahihi, nasema wazi, kuna vitu vikubwa kuliko mbio. Ila usahihi haumrudishii mtu umri wake wa miaka 23. Alikuja kupata medali ya fedha Moscow 1980 kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kaongoza mbali sana, Bronisław Malinowski wa Poland akaja kumkamata mzunguko wa mwisho. Ukiniuliza mimi, sura ya Akhwari haikunitoa chozi, iliyonitoa ni hii ya Montreal, maana Akhwari alau alipata kufika kwenye mstari.

Kwa hiyo mzee wako alipopiga mstari pale tu, kitabu kizima, mi simshangai. Ila usimpigie ukamuuliza "baba kwa nini ulipiga mstari", wazee wakiulizwa hivyo wanasema tu nimesahau. Muulize siku ya rekodi ya Bayi alikuwa wapi na nani alikuwa na redio, maana televisheni huku bara hazikuwepo mpaka miaka ya 90, kila kitu kilikuja kwa redio. Hapo ataongea mpaka salio likatike. Tena bora uende Magu mwenyewe, si mbali, na kitabu ubebe.

Selotepu usithubutu! Inakuwa ya njano, gundi inaingia kwenye karatasi, baada ya miaka michache inabanduka na maandishi. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano, upoe, pakaa kidogo sana kwa brashi ndogo (si ile iliyokauka), weka kipande cha karatasi nyembamba kwenye mgongo, kandamiza na kitu kizito mpaka kesho yake. Usianike juani. Funika kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule. Na rafu isigusane na ukuta, huku kwetu karibu na maji ukuta unavuta unyevu, ukungu unaanzia nyuma ambako huoni.

*Mambo shangazi. Mi ni dereva wa boda kijiwe cha Mkuyuni. Hivi kuna haja gani mtu asome kitabu cha michezo kurasa 300 wakati klipu ipo? Simbu alivyoshinda marathoni Tokyo niliona kwenye simu nusu dakika, nikasisimka, nikaendelea na kazi. Au mi ndo sina akili?*

Poa, na shikamoo yangu uliyoisahau nimeipokea. Akili unazo. Na ile klipu ni tamu, sikatai, Septemba 2025 Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanaingia pamoja, wote wameandikiwa 2:09:48, tofauti ni sekunde 0.03, na Tanzania inapata bingwa wa dunia wa riadha kwa mara ya kwanza. Kitu kama hicho lazima ukione kwa macho, kitabu hakiwezi kushindana nacho.

Lakini klipu inakuja pale kamera ilipo, na kamera iko kwa anayeshinda. Huyu Akhwari niliyemsema hapo juu, zile kilomita 23 na goti lililoteguka, hebu ziweke kwenye barabara yako, ni kama uanze mjini kwa miguu mpaka Usagara na kidogo zaidi, nani alikuwa anampiga picha muda wote huo? Au mchukue mkimbiaji wetu mwingine, Juma Ikangaa. Marathoni ya Boston 1988 kawa wa pili nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Moja, baada ya kilomita 42. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Klipu za hizo siku zipo, ila hakuna klipu ya zile asubuhi za katikati, mtu anaamka kufanya mazoezi akijua safari iliyopita alikosa kwa sekunde moja. (New York 1989 alishinda, 2:08:01, usije ukasema nimekuletea stori ya mkosi tupu.) Huko katikati ndo kurasa 300 zinapoenda. Uwe na kitabu kijiweni, abiria akichelewa unasoma mbili tatu, hakuna atakayekupokonya, simu ndo wanapokonya.

*Shikamoo shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ukerewe. Wavulana wangu wa darasa la sita hawataki kusoma hadithi ila ligi ya Uingereza wanaijua yote. Mwalimu mwenzangu anasema vitabu vya mpira si vitabu, nisiwape. Unasemaje?*

Marahaba mwalimu. Huyo mwenzako mwache aendelee na vitabu vyake. Mtoto anayekariri wachezaji 11 na majina yao ya Kibrazili kusoma anaweza, kinachokosekana ni kitu cha kusoma. Shida ya kweli ni kwamba vitabu vya michezo kwa Kiswahili ni vichache mno, hivyo ukishuka mjini pita Maktaba ya Mkoa uulize, lakini usisubiri hiyo.

Waambie kuhusu Suleiman Nyambui. Ni mtu wa Majita, hapohapo ng'ambo ya maji, mkoa wa Mara, si mtu wa mbali. Moscow 1980 mita 5,000 alipata fedha nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa chini ya sekunde moja, na medali hiyo pamoja na ile ya Bayi ndizo pekee Tanzania iliyowahi kupata Olimpiki. Kasoma Marekani huku akishinda mbio za vyuo, na baadaye akashinda Berlin Marathon 1987 na 1988, mfululizo. Uliza darasa zima nani anamjua. Wakikuangalia tu, hapo una somo la mwezi.

Halafu kanunue kaunta buku moja la kwaya tatu, waambie kila mmoja akamhoji mzee mmoja aliyeiona timu ya Pamba ile ya miaka ya 90, TP Lindanda, Wana Kawekamo wenyewe, nani alikuwa anafunga, walikuwa wanavuka na boti gani kuja uwanja wa Kirumba kuangalia, walilala wapi wakikosa boti ya kurudi, tiketi walilipaje. Wazee wa Ukerewe waliovuka ziwa kwa ajili ya mpira ni wengi, na wengine ni waongo kidogo, ambalo nalo ni zuri, waache watoto walinganishe mzee huyu na yule wagundue nani anatia chumvi. Usiwasahihishe sana tahajia mara ya kwanza. Mkimaliza nitumieni nakala, nitachapa mbili tatu humu kama mhariri atanipa nafasi.

Wabeja sana wote mlioandika. Na wewe wa Sengerema uliyeuliza kuhusu mkopo wa mashine ya boti, hiyo si ya rafuni mwanangu, nimempelekea mwenzangu wa ukurasa wa biashara, mtafute toleo lijalo.